Kocha, Ushindi na Ujira wa Aliyejitahidi

Tarehe 6 Desemba 2023 Shirikisho la Soka la Qatar liliachana na Carlos Queiroz, Mreno ambaye wiki chache kabla alikuwa ameifunga Afghanistan 8-1 na India 3-0 katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Siku hiyohiyo timu ya taifa ilikabidhiwa kwa Bartolomé Márquez López, Mhispania anayejulikana zaidi kwa jina la Tintín, aliyekuwa akiifundisha Al-Wakrah, klabu ya mji ulio kusini kidogo ya Doha. Kombe la Asia lilikuwa linaanza Januari 12. Kocha huyo mpya alikuwa na wiki tano na ushee tu. Tarehe 10 Februari 2024, mbele ya watazamaji zaidi ya 86,000 katika uwanja wa Lusail, Qatar iliilaza Jordan 3-1 na kutwaa taji la bara kwa mara ya pili mfululizo. Haikutimia miezi kumi na moja tangu usiku ule, Márquez naye akafungashiwa virago, baada ya Falme za Kiarabu kuitandika timu yake 5-0. Swali ninalotaka kulishughulikia halihusu mfumo wa uchezaji. Nataka kujua kama sifa alizomiminiwa Februari na lawama alizobebeshwa Desemba zilikuwa zake kwa haki. Swali hilo ni la dini na falsafa kabla halijawa la michezo, kwa sababu ndani yake limo lile la zamani zaidi: katika matokeo ya kazi ya mwanadamu, sehemu yake ni ipi?

Tuanze na yaliyokuwa mikononi mwake, kwani yalikuwepo. Márquez hakuwa mgeni wa soka la Qatar. Aliijua ligi yake kwa ndani, jambo ambalo kocha mwenye jina kubwa anayeshuka uwanja wa ndege wa Hamad kwa mara ya kwanza hana. Alimtumia katikati ya ulinzi Lucas Mendes, beki aliyekuwa naye Al-Wakrah. Dhidi ya China, timu ikiwa imeshajihakikishia kuvuka kundi, aliwapumzisha nyota wake, kisha akawaingiza Akram Afif na nahodha Hassan Al-Haydos kutoka benchi, na haukupita muda kona ya Afif ikamfikia Al-Haydos aliyeupiga mpira ukiwa hewani na kuandika bao pekee la mchezo. Hiyo ni kazi ya kocha, na mwenye kumnyima anamdhulumu.

Lakini hebu tuhesabu na yale ambayo hayakuwa mikononi mwake. Katika robo fainali dhidi ya Uzbekistan mchezo uliisha 1-1, na kipa Meshaal Barsham akapangua mikwaju mitatu ya penalti; Qatar ikapita kwa 3-2. Kama mkono wake ungechelewa kidogo kwenye mikwaju hiyo, Márquez angekumbukwa kama kocha aliyeshindwa nyumbani. Katika nusu fainali dhidi ya Iran, bao la ushindi la Almoez Ali lilipatikana dakika ya 82, mchezo ukaisha 3-2. Fainali yenyewe iliamuliwa na penalti tatu, zote zikipigwa na Afif, baadhi zikitolewa baada ya refa kwenda kuangalia video. Mabao yote matatu ya Qatar kutoka nukta ya chokaa, yakapigwa na mguu mmoja. Afif alimaliza mashindano na mabao manane, akachaguliwa mchezaji bora. Na Afif hakuumbwa ndani ya wiki tano. Alizaliwa Doha mwaka 1996, mwana wa Hassan Afif, mwanasoka aliyetokea Tanzania, na ni mdogo wake Ali Afif, naye mwanasoka. Almoez Ali alizaliwa Khartoum. Wengi wa kizazi chao walipitia Aspire, chuo cha michezo kilichoanzishwa Doha mwaka 2004, ambako Mhispania mwingine, Félix Sánchez, alifika mwaka 2006 na kuwalea tangu wakiwa vijana, akatwaa nao ubingwa wa Asia wa chini ya miaka 19 mwaka 2014 na ule wa wakubwa mwaka 2019.

Habari ya Sánchez inauma zaidi kuliko ya Márquez, na ndiyo inayonishawishi kwamba jambo hili halihusu uwezo wa mtu mmoja. Mwaka 2019 timu yake ilishinda mechi zote saba za Kombe la Asia, ikafunga mabao 19, ikafungwa moja tu, na hilo moja likaja katika fainali dhidi ya Japan. Mwaka 2022, nyumbani, kocha yuleyule akiwa na uti wa mgongo uleule wa timu, alipoteza mechi zote tatu za Kombe la Dunia: Ecuador 2-0, Senegal 3-1, Uholanzi 2-0. Hakuna mwenyeji aliyewahi kupoteza mechi ya ufunguzi kabla ya hapo. Kabla mwaka haujaisha akawa ameondoka. Basi yule bingwa wa 2019 alikwenda wapi? Hakwenda popote. Vipimo ndivyo vilivyobadilika: wapinzani walikuwa wazito zaidi, na dunia nzima ilikuwa ikitazama. Tulichokuwa tukikiita ubora wa Sánchez kilikuwa mchanganyiko wa ubora wake na mazingira ambayo hakuyachagua, na tulipomhukumu hatukujisumbua kuvitenganisha viwili hivyo.

Wanafalsafa wawili, Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel, waliliweka tatizo hili mezani mwaka 1976. Madereva wawili wanaendesha kwa uzembe uleule. Mmoja anafika nyumbani salama, mwingine anakatiziwa barabara na mtoto. Tunamwita wa pili muuaji, wa kwanza hatumwiti chochote, ingawa walichokifanya ni kilekile. Nagel aliona kwamba tukiondoa katika hukumu zetu kila ambacho mtu hakukimiliki, hubaki kidogo sana cha kuhukumu. Aliliacha hapo, kama fundo lisilofunguka. Nadhani sisi tuliosoma dini katika pwani ya Afrika Mashariki tuna la kuongeza, maana itikadi iliyofundishwa vyuoni kwetu tangu Lamu hadi Unguja ililikabili fundo hilo miaka elfu moja kabla. Abul-Hasan al-Ash'ari, mwanazuoni wa Basra aliyefariki yapata mwaka 936, alifundisha kwamba matendo yote huumbwa na Mungu na mwanadamu huyachuma: nguvu na matokeo si vyake, ila nia na kule kulielekea tendo kunaandikwa kwa jina lake, na kwa hilo huulizwa. Wapinzani wake walisema huku ni kucheza na maneno. Mimi naona ndiyo maelezo ya kweli zaidi ya kazi ya kocha kuliko yote yaliyoandikwa na wachambuzi wa soka. Kocha hapigi mpira. Huandaa, huchagua, huelekeza, kisha husimama pembeni ya mstari na kuyapokea yanayokuja.

Na kama tunataka kipimo, kipo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume alieleza kwamba hakimu akijitahidi katika kuhukumu na akapatia, ana ujira mara mbili; akijitahidi na akakosea, ana ujira mmoja. Hadithi hii imetumika zaidi katika fiqhi, lakini hekima yake ni pana, na ipo pale ambapo watu wa pande mbili hupita bila kuangalia. Haisemi kwamba matokeo hayana maana; aliyepatia amezidi. Wala haisemi kwamba matokeo ni kila kitu. Aliyekosea hatoki mikono mitupu, na hasemwi kuwa mkosaji. Tena wanazuoni waliweka sharti zito: ujira huo ni wa mwenye ujuzi wa kazi aliyejitahidi kweli, si wa mjinga aliyebahatisha, kwani mjinga akipatia kwa bahati hana sifa na akikosea ana dhambi. Msomaji Mkristo atakuta jambo la jirani katika Injili ya Mathayo, katika mfano wa talanta: mtumwa aliyezalisha tano na aliyezalisha mbili walipewa pongezi kwa maneno yaleyale, na aliyekemewa ni yule aliyefukia yake ardhini bila kujaribu. Vitabu viwili tofauti vinakataa kupima watu kwa jumla ya mapato yao.

Kwa kipimo hiki Márquez wa Februari alistahili ujira mara mbili, na Márquez wa Desemba alistahili, kwa uchache, mmoja. Kati ya Septemba na Novemba 2024 timu yake ilicheza mechi sita za kufuzu: ilifungwa na Falme za Kiarabu mara mbili na Iran 4-1, ikatoka sare na Korea Kaskazini, ikazifunga Kyrgyzstan na Uzbekistan. Ni matokeo mabaya kwa bingwa wa bara. Lakini Al-Haydos, nahodha na mchezaji aliyeivaa jezi ya Qatar mara nyingi kuliko wengine, alikuwa amestaafu soka la kimataifa mara tu baada ya taji, na kizazi kizima kilichokuzwa na Sánchez kilikuwa kinazeeka kwa pamoja. Alikosea pia, bila shaka. Safu ya ulinzi inayoruhusu mabao matano mbele ya jirani ina maswali ambayo kocha lazima ayajibu. Ninachokataa ni ile hesabu inayofuta Februari nzima kwa sababu ya usiku mmoja wa Novemba, kama ilivyofuta 2019 kwa sababu ya 2022.

Hapa mtu wa soka atanikatiza, na ana haki. Atasema: kocha analipwa ili ashinde, amesaini mkataba akijua, timu ya taifa si chuo cha maadili. Sipingi hata kidogo kwamba shirikisho lina haki ya kumwondoa kocha. Ninachodai ni kwamba kumwondoa mtu kazini na kumtia hatiani ni mambo mawili, na historia ya Uislamu ina ushahidi mzito juu ya tofauti hiyo. Khalid bin al-Walid hakuwa ameshindwa vita alipoondolewa. Alikuwa jemadari mwenye ushindi kuliko wote wa zama zake, na Umar bin al-Khattab alimshusha kutoka uongozi mkuu wa majeshi ya Shamu mara aliposhika ukhalifa mwaka 634, akamweka Abu Ubayda juu yake. Khalid akapigana Yarmuk chini ya amri ya mwingine. Kisha yapata mwaka wa 17 wa Hijria Umar akamwondoa kabisa. Wanahistoria wanataja sababu kadhaa, ikiwemo zawadi kubwa aliyoitoa na ambayo Umar aliiona ni ubadhirifu. Lakini Tabari anasimulia kwamba Umar aliwaandikia watu wa miji akiwaeleza kuwa hakumwondoa Khalid kwa hasira wala kwa khiyana. Alihofu kwamba watu walikuwa wameanza kumtegemea yeye, na alitaka wajue kwamba mwenye kutenda ni Mungu.

Tukio hilo limegeuzwa mara nyingi kuwa mawaidha juu ya unyenyekevu wa Khalid, na ni kweli alinyenyekea. Mimi linanivutia kwa jambo jingine: barua. Umar aliona kwamba kumwondoa mtu kunatoa hukumu juu yake machoni pa umma hata kama mtawala hakukusudia, kwa hiyo akachukua dhima ya kuizuia hukumu hiyo kwa maandishi, miji yote isikie. Alitenganisha mambo mawili ambayo vyama vya soka huyachanganya: cheo ni cha umma na umma unaweza kukichukua, heshima ni ya mtu na haichukuliwi pamoja na cheo. Soka la leo hufanya kinyume pande zote mbili. Kocha akishinda, taji huwa lake peke yake na picha yake hupandishwa juu ya majengo. Akishindwa, huondolewa kwa tangazo la mistari michache na wachambuzi humalizia kazi. Katika muda wa takriban miaka miwili na nusu tangu Sánchez aondoke, benchi la Qatar lilipita mikononi mwa Queiroz, Márquez na Luis García, hadi Julen Lopetegui alipoteuliwa Mei 2025. Lopetegui mwenyewe anaujua mwiba huu: mwaka 2018 Hispania ilimwondoa siku mbili kabla ya mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, akiwa hajapoteza mchezo hata mmoja nayo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Bahati hutawala mechi moja, lakini mechi zikiwa nyingi bahati za kheri na za shari hulingana, na kinachobaki ni uwezo. Kwa hiyo matokeo ya muda mrefu ni hukumu ya haki. Nakubali sehemu ya kwanza. Ndiyo sababu kocha aliyekaa miaka kumi anaweza kuhesabiwa kwa namna ambayo aliyekaa mwaka hawezi. Ila hoja hii inawageukia wanaoitumia, maana makocha hawapewi huo muda mrefu unaoitakasa hesabu. Wanaondolewa baada ya mechi tano au sita, pale ambapo bahati ina sauti kubwa kuliko kitu chochote, tena wanaondolewa timu ikiwa chini kabisa, mahali ambapo mara nyingi isingekuwa na njia ila kupanda. Wachumi wawili, Jan van Ours na Martin van Tuijl, walichunguza misimu 14 ya ligi kuu ya Uholanzi na kuchapisha matokeo mwaka 2016: timu zilizobadilisha kocha katikati ya msimu ziliinuka, lakini timu zilizoporomoka vivyo hivyo na zikabaki na kocha wao ziliinuka pia. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita baraka ya kocha mpya ni mzunguko wa kawaida wa mambo, nasi tumemvika mtu aliyefika kwa wakati mzuri.

Yupo pia atakayehofu kwamba maneno haya yanafungua mlango wa uvivu. Kama ushindi si wa mwanadamu, kwa nini ajisumbue? Hofu hii ni ya zamani, na jibu lake ni la zamani vilevile: Tirmidhi amepokea kisa cha mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na amtegemee Mungu, akaambiwa afunge kisha ategemee. Tena tazama nani anayelegea kweli. Kocha anayejua kuwa atapimwa kwa maandalizi yake ana sababu ya kuandaa hata mechi asiyoweza kuishinda. Anayejua kuwa atapimwa kwa matokeo tu huanza kuilinda ajira yake: hawapi nafasi vijana, kwa sababu kijana ni hatari ya leo na faida ya mrithi wake. Aspire ilihitaji zaidi ya miaka kumi kuzaa ubingwa wa 2019. Hakuna kocha anayehesabiwa kwa wiki anayeweza kuwa na subira ya namna hiyo.

Inawezekana mtu akaona ni anasa kutetea heshima ya kocha anayelipwa vizuri katika mji ambao Wakenya, Waganda na Watanzania kwa maelfu wanalinda milango, wanaendesha magari na kutandika vitanda vya hoteli. Naona kinyume. Hao ndio wanaolijua jambo hili kuliko sisi. Mtu anayekatishwa mkataba Doha kwa sababu mradi umeisha au mwajiri amepunguza watu hurudi Mombasa, Mbale au Tanga, na mtaa humpokea kwa swali moja: umeleta nini? Hakuna anayeuliza alifanya kazi vipi. Aliyebahatika kupata mwajiri mwema anaitwa mchapakazi, na aliyeangukia pabaya anaitwa mzembe, ingawa huenda waliamka alfajiri moja na kulala usiku mmoja. Hukumu hiyo ni ileile iliyompata Márquez, tofauti ni kwamba yeye atapata timu nyingine na wao wanabaki na deni la nauli.

Na kwetu nyumbani mfano upo, wazi kuliko wa Qatar. Katika AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024, Tanzania ilimfungia kocha wake Adel Amrouche katikati ya mashindano, na Hemed Suleiman, anayejulikana kama Morocco, akaichukua timu. Taifa Stars ikamaliza na pointi mbili, mkiani mwa kundi. Hemed Suleiman aliendelea, na tarehe 19 Novemba 2024 timu yake iliifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam na kufuzu fainali zilizofuata. Mwaka mmoja baadaye, mashindano yakiwa yamekaribia, nafasi yake ilichukuliwa na Miguel Gamondi. Katika fainali hizo, nchini Morocco, Stars ilifungwa na Nigeria 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikaingia hatua ya 16 bora, ambako wenyeji waliitoa kwa bao moja. Ilivuka kwa pointi ngapi? Mbili. Pointi zilezile ambazo mara ya kwanza ziliitwa aibu zilitosha mara ya pili, kwa sababu pia ya hesabu za makundi mengine ambayo hakuna kocha wa Tanzania aliyecheza ndani yake. Gamondi alifanya kazi yake, na sare na Tunisia haikuokotwa. Lakini tiketi ya kufika kule ilikatwa na mtu ambaye hakuwa benchi siku ile, na shirikisho linalotaka kutenda haki lina nafasi bado ya kuiandika barua yake, kwa jina lake, miji yote isikie.